Treni Haipigi Rivasi Mpaka Nyumbani

Magurudumu yalichelewa kufika Ukambani. Mwaka 1849, mmishonari Johann Ludwig Krapf alipomtembelea Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu kule Kitui, mizigo ya kwenda pwani ilibebwa na watu. Msafara ukirudi, kila mtu anatua mzigo wake uani, basi. Swali la kuegesha halikuwepo.

Lilikuja na barabara. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kufyeka njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa hadi Kibwezi, ambayo leo iko Makueni. Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi la Uingereza, akaiendeleza kutoka Kibwezi kuelekea Busia. Mbung'o wa Tsavo waliwamaliza ng'ombe wengi. Kisha reli ikaanza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na hiyo mikokoteni ikasahaulika haraka.

Njia ya mikokoteni, reli, halafu Mombasa Road: zote zinapita karibu mle mle, na zote zilichorwa na watu waliokuwa na haraka ya kufika kwingine. Mtito Andei inajulikana kama katikati ya safari. Wangapi wanaijua kama kwao kwa mtu?

Lori ndilo lililobadilisha hii hesabu. Treni haiwezi kutoka relini ikalale kwa mama ya dereva. Trela inaweza. Dereva wa Kibwezi aliyebeba kontena kutoka bandarini kwenda Malaba anapita mlangoni kwao, na akiwa na bahati na saa zake, anaweza kula ugali wa nyumbani na kulala kitandani mwake.

Lakini kwanza aingie. Hapa ndipo kazi ilipo, na watu wa magari madogo huwa hawaelewi. Ukirudi nyuma na trela, ukikata usukani kushoto, tako la trela linaenda kulia. Ukizidisha, kichwa na trela vinajikunja kama kiwiko mpaka kimoja kigonge kingine. Na kati ya lami na ploti kuna ukingo wa saruji. Ukiupanda kishembe, tairi za upande mmoja zinainuka kabla ya zile zingine, na kontena iliyo juu inaanza kulala. Kwa hivyo dereva anavuka barabara, ananyoosha trela kabisa, anahakikisha tairi za pande zote mbili zitagusa ukingo pamoja, halafu anapanda polepole, bila kukanyaga mafuta ghafla. Mbao au mawe yakipangwa mbele ya ukingo yanapunguza ule mruko. Lakini jiwe likinaswa katikati ya tairi pacha, hiyo ni kazi nyingine ya asubuhi. Tanboi anasimama upande wa dereva, mahali kioo kinamwona, akipiga kelele: "Kuja, kuja, kuja... hapo!" Nyuma ya Mombasa Road yenye mabasi ya usiku, hizo dakika tano ni ndefu sana.

(Mtoto aliyekua akirudisha nyuma mkokoteni wa punda wawili uliojaa mitungi ya maji anaijua hii hesabu kabla hajaona leseni. Ni kiwiko kile kile.)

Ukingo wenyewe si wa mwenye ploti. Ni wa barabara kuu, na barabara kuu ni ya KeNHA. Ukiuvunja umeharibu mali ya umma. Mimi naona pia kwamba waliouweka walimfikiria anayepita, si anayeishi hapo.

Trela moja ikilala Emali au Sultan Hamud, halali dereva peke yake. Kuna mlinzi, fundi wa pancha, mama wa chapati, mwenye chumba cha kukodisha. Ndiyo maana reli mpya iliuma. SGR ilianza kubeba abiria 2017 na mizigo Januari 2018, na treni moja ikawa inapita na kontena zaidi ya 100 bila kusimama kula kwa mtu. Agosti 2019 serikali ikaagiza mizigo yote ya Nairobi na nchi za bara itoke bandarini kwa reli. Mombasa waliandamana. Makueni, miji ya kando ya barabara ilinyamaza tu, hoteli moja baada ya nyingine.

Septemba 2022, Rais Ruto alipoingia, agizo likaondolewa. Siku hizi hata lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui imefungulia magari mazito njia hadi upande wa kina Kivoi. Matrela yamerudi kupiga rivasi usiku. Mama aliyekuwa ameshauza friji na kurudisha funguo za kibanda, lile tangazo halikumtaja.