Lishe, Kirutubisho na Nyongeza: Maneno Matatu ya Mchezaji wa Kandanda

Istilahi isiyopimwa vema yaweza kumdhuru aitumiaye. Katika makala haya tutaangalia maneno yahusuyo chakula cha mchezaji wa kandanda.

Mwaka 1832 Mfaransa Michel Eugène Chevreul aligundua katika nyama kitu alichokiita kreatini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Mwaka 1912 Casimir Funk alibuni jina vitamini, kwa kuunganisha neno la Kilatini la uhai na jina la kemikali ziitwazo amini. Baadaye ilibainika kwamba si vitamini zote zilizo amini, lakini jina likabaki. Kiswahili kimeyatohoa majina haya, nasi hatuoni kosa, kwani hayamwahidi msomaji lolote.

Taabu imo katika majina ya jumla. Neno lishe, litokanalo na kitenzi lisha, latutosha kwa ugali, wali na maharagwe. Mwaka 1973 Msweden Bengt Saltin alionyesha kwamba wachezaji walioanza mchezo wakiwa na akiba ndogo ya glikojeni misulini walikimbia masafa mafupi kuliko wenzao; na akiba hiyo hujengwa na vyakula vya wanga. Je, vidonge na unga wa makopo tuviiteje? Chakula cha nyongeza ni jina la uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kirutubisho hutokana na rutuba, na alisomaye huamini kwamba kitu hicho hakikosi kumfaa. Dawa humfanya adhani kwamba kimepimwa kama dawa za hospitali.

Hatari si ya kinadharia. Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilichunguza bidhaa 634 za aina hiyo zilizonunuliwa katika nchi 13. Bidhaa 94 zilikuwa na vitu vya jamii ya homoni ambavyo havikutajwa kwenye vibandiko. Nayo Kanuni ya Dunia ya kupinga dawa haramu michezoni, iliyoanza kutumika mwaka 2004, humbebesha mchezaji mwenyewe dhamana ya kila kionekanacho mwilini mwake, hata kama hakukusudia.

Kwa hiyo twapendekeza virutubishi yawe ni yale yaliyomo ndani ya chakula, na bidhaa za dukani ziitwe nyongeza za lishe. Nyongeza huja baada ya kitu chenyewe, wala haichukui nafasi yake. Wafasiri na walimu walipime pendekezo hili, kwani mchezaji husoma kibandiko kwa lugha tuliyompa.