Barabara na Makaburi: Kutoka Kajaga Kufuata Nyayo za Vita vya Burundi

Anayetoka Bujumbura kuelekea mpaka wa Kongo kwa barabara ya taifa namba 4 hupita Kajaga, kitongoji cha ufukweni mwa Tanganyika ambacho watu wa mjini wamekizoea kwa mahoteli yake ya mchangani, samaki wa kuchoma na majumba mapya ya wenye nafasi, na ambacho katika miaka hii ya karibuni kimeingiliwa na maji ya ziwa na ya mto Rusizi hata wengine wakahama maskani yao. Walakini ni wachache katika hao waendao kupunga upepo Jumapili wanaokumbuka kwamba matete ya Rukoko, yaliyo jirani, yalikuwa kwa miaka mingi maficho na njia ya wapiganaji wa FNL, kundi la waasi wa Kihutu, na kwamba mtu anayetaka kuijua historia ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hii, vilivyoanza mwaka 1993 na kuchukua roho za watu wanaokadiriwa kuwa 300,000, hahitaji kwenda mbali kabla ya kulikuta kaburi lake la kwanza.

Kaburi hilo liko Gatumba, mwendo mfupi kutoka Kajaga. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya wakimbizi waliokimbia machafuko ya Kivu ya Kusini, wengi wao Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, ilivamiwa na watu wenye silaha ambao walionusurika walisimulia kwamba walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Wakafyatua risasi na kuchoma mahema, na kulipokucha watu zaidi ya 150 walikuwa wamekwisha kufa, wanawake na watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Kambi ya jeshi haikuwa mbali, wala askari wake hawakutoka. FNL ilikiri kwa kinywa cha msemaji wake kwamba ndiyo iliyofanya shambulio hilo, na hata hivyo kila Agosti inapowadia jamaa za marehemu, waliotawanyika sasa hata Marekani, hukutana kudai haki ile ile waliyoidai mwaka uliotangulia. Mgeni apitaye njia hii aghalabu husimuliwa habari za Gustave, mamba mkubwa wa Rusizi aliyepata umaarufu hata kutungiwa filamu. Nami naona ni jambo la ajabu kwamba mnyama mmoja ametangulia, katika masimulizi ya njia hii, mbele ya watu wote wale.

Asili ya vita inajulikana. Melchior Ndadaye, Mhutu, alishinda uchaguzi wa urais wa tarehe 1 Juni 1993, wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, akala kiapo mwezi Julai, na alfajiri ya tarehe 21 Oktoba wanajeshi wakamuua pamoja na baadhi ya viongozi wenziwe, miezi minne ikiwa bado haijatimia. Vijijini Watutsi wakashambuliwa na jirani zao kwa kisasi cha rais, jeshi nalo, ambalo wakati ule lilikuwa mikononi mwa Watutsi, likalipiza kwa Wahutu, na katika majuma machache makumi ya maelfu ya pande zote mbili wakawa wamekwisha kuzikwa au kuachwa bila kuzikwa. Uwanja wa ndege ulio karibu na Kajaga umepewa jina la Ndadaye tangu mwaka 2019, na kaburi lake limo mjini, katika mnara wa mashahidi wa demokrasia.

Mji wenyewe ulikatwa vipande: Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu peke yao, Ngagara na Musaga za Watutsi, na Bwiza, iliyokuwa ya mchanganyiko, ikaondolewa Wahutu wake kwa nguvu mwezi Machi 1995. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, haukugawanyika kwa namna hiyo. Watu wa makabila yote waliendelea kukaa ndani yake, na hilo ni jambo ambalo wasomaji wa lugha hii wana haki ya kulitaja pasipo majivuno.

Barabara ya namba 1, ipandayo milimani kuelekea Bugarama, ilikuwa wakati wa vita njia ya hofu: magari yalikwenda kwa msafara wenye ulinzi wa askari, na jioni ilipokaribia hapakuwa na ruhusa ya kupita. Tarehe 28 Desemba 2000 basi la abiria lililotoka Kigali, likiwa limebakiza masafa mafupi tu kuingia Bujumbura, lilisimamishwa kwa risasi na watu 21 wakauawa. Ndiyo sababu nasema kwamba vita hivi husomeka vyema kwa safari ya gari, maana sehemu kubwa ya mauti yake iliwangoja watu njiani.

Ukivuka Muramvya kwenda Gitega utaikuta Kibimba, na kando ya lami mnara ulioandikwa kwa Kifaransa maneno ya kukataza mambo hayo yasirudi tena. Hapo makumi ya wanafunzi wa Kitutsi walifungiwa katika jengo la kituo cha mafuta siku ile ile aliyouawa Ndadaye, wakachomwa moto. Mwalimu mkuu wa shule yao alihukumiwa na kunyongwa mwaka 1997. Mbele zaidi, Bugendana, wamezikwa watu zaidi ya 300 wa kambi ya Watutsi waliohama makwao, waliouawa na waasi tarehe 20 Julai 1996. Rais Sylvestre Ntibantunganya alipokwenda kwenye mazishi alitupiwa mawe, na siku mbili baadaye Meja Pierre Buyoya akatwaa madaraka. Askofu Mkuu Joachim Ruhuna, aliyewakemea wauaji katika mazishi hayo, aliviziwa barabarani tarehe 9 Septemba mwaka huo huo, naye akafa.

Sasa na aende msafiri hadi Itaba, mashariki ya Gitega, ambako tarehe 9 Septemba 2002 askari wa serikali waliwaua raia wa Kihutu zaidi ya 170. Maofisa wawili walishitakiwa, wakapewa miezi 4 kwa kosa la kutotii amri. Ayaweke basi mambo hayo mawili pamoja, kitanzi cha Kibimba na miezi minne ya Itaba, na atafahamu kwa nini katika nchi hii jiwe la kumbukumbu linaloheshimiwa na kundi moja hutazamwa na kundi jingine kuwa ni ushahidi wa upendeleo. Kila mnara huwalilia wafu wake. Mimi sioni kwamba dawa ni kuubomoa wowote. Lililo bora ni kusafiri hadi kwenye yote, na hasa kule ambako hakuna mnara.

Buta, karibu na Bururi, ni tofauti na hayo. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia katika seminari ndogo ya hapo, wakawaamsha vijana na kuwaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana walikataa. Walikuwa wamelelewa makusudi kwa ajili ya saa kama hiyo na gombera wao, Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa amewazoesha tangu 1993 kuzungumza waziwazi juu ya ukabila badala ya kuuficha. Na kwa kuwa hawakutengana, walipigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono pamoja, wakafa 40. Wamezikwa hapo hapo, Mhutu kando ya Mtutsi, na mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua kesi ya kuwatangaza wenye heri. Katika njia yote hii sijui kaburi jingine ambalo Mrundi wa kabila lolote anaweza kulisimamia bila kuulizwa amekuja kumlilia nani.

Kutoka Bururi barabara huteremka hadi Rumonge, kisha hurudi kaskazini kando ya ziwa na kupita Minago. Mkataba wa amani wa Arusha, ulioanzishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, ulikwisha kutiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na CNDD-FDD, kundi jingine la waasi, ikafanya sulhu na serikali mwezi Novemba 2003. Lakini FNL ilikuwa ingali nje, na hapo Minago, tarehe 29 Desemba mwaka huo, gari la balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, raia wa Ireland, lilishambuliwa kwa risasi, naye akafariki siku ile ile. Jeshi lililaumu FNL, na FNL ikakana. Kundi hilo liliweka saini yake Dar es Salaam tarehe 7 Septemba 2006, likaendelea kupigana kwa vipindi, na mwezi Aprili 2009 likakabidhi silaha na kuandikishwa kuwa chama cha siasa.