Mlinzi na Njia Nyembamba: Historia ya Kingamoto ya Kompyuta za Nyumbani kwa Mtazamo wa Fungurume

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya kingamoto, yaani programu inayokagua data zinazoingia na kutoka katika kompyuta, pamoja na lawama iliyoiandama tangu ilipoingia majumbani mwishoni mwa miaka ya 1990: kwamba inaifanya kompyuta kuwa nzito na intaneti kwenda polepole. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, ukweli huo una mipaka, na mipaka hiyo hubainika vizuri zaidi mahali ambapo njia ya mawasiliano yenyewe ilikuwa nyembamba. Kwa sababu hiyo historia hii inatazamwa hapa kutoka Fungurume, mji wa migodi ulioko kati ya Likasi na Kolwezi katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba katika mazingira ya namna hiyo ucheleweshaji ulikuwa na vyanzo kadhaa, lakini kimoja tu kati yake ndicho ambacho mtumiaji aliweza kukiondoa kwa mkono wake mwenyewe, nacho ndicho kilichobebeshwa lawama yote.

2.0 Istilahi na Maana Yake

Asili ya istilahi hii ni kazi ya waashi. Katika miji ya Ulaya na Marekani, nyumba zilizojengwa kwa kushikana zilitenganishwa kwa ukuta mzito wa matofali, ili moto ukizuka katika nyumba moja usivuke kwenda ya pili. Baadaye jina hilohilo lilipewa bamba la chuma linalotenganisha injini na abiria katika magari na ndege. Wataalamu wa kompyuta walilirithi katika miaka ya 1980 kwa maana ya kizuizi kinachokinga mtandao mmoja dhidi ya madhara yanayotoka katika mwingine. Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya Kongo, hutumia neno pare-feu, yaani kitu kinachokinga moto.

Katika Kiswahili, tafsiri ya neno kwa neno, ‘ukuta wa moto’, ina tatizo la kisemantiki. Kwa kuwa ‘maji ya moto’ ni maji yenye joto kali, msomaji anaweza kudhani kwamba ukuta wenyewe ndio unaowaka. Umbo ‘kingamoto’, linalofuata utaratibu uleule wa ‘kingamimba’, linabeba maana iliyokusudiwa, na ndilo linalotumika katika makala haya.

Aidha, dhana yenyewe si ngeni kwa wakazi wa Katanga. Katika misitu ya miombo, ambako nyasi huwaka wakati wa kiangazi, kufyeka ukanda kuizunguka nyumba ni njia ya kuuzuia moto usifike kwenye paa. Ukanda huo una gharama yake: ni jasho la mfyekaji, tena ni ardhi isiyopandwa kitu. Kinga haipatikani bure. Swali la kihistoria ni nani aliyelipa gharama hiyo, na alilipa kiasi gani.

3.0 Kutoka Lango la Mji hadi Mlango wa Nyumba

Tarehe 2 Novemba 1988, mnyoo ulioandikwa na Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ulienea katika intaneti. Inakadiriwa kwamba kompyuta zipatazo 6,000 kati ya 60,000 hivi zilizokuwa zimeunganishwa wakati huo ziliathirika. Mnyoo huo haukufuta mafaili. Madhara yake makubwa yalikuwa kuzielemea mashine kwa nakala zake mpaka zikashindwa kufanya kazi. Hivyo basi, moja kati ya hatari za kwanza kubwa za intaneti ilikuwa yenyewe ni hatari ya ucheleweshaji.

Kingamoto za mwanzo zilikuwa malango ya taasisi. Kampuni kama Digital Equipment Corporation na maabara za AT&T zilitenga kompyuta maalumu, zikaiweka kati ya mtandao wa ndani na ule wa nje, na kila pakiti ya data ikapita hapo kukaguliwa: imetoka wapi, inakwenda wapi, na inabisha mlango namba ngapi kati ya milango 65,535 ambayo kompyuta inaweza kuifungua. Mwaka 1994 Check Point ilianza kuuza bidhaa yake, FireWall-1, na mwaka huohuo William Cheswick na Steven Bellovin walichapisha kitabu kilichopata kuwa rejea kuu ya fani hii. Katika mfumo huo gharama ya ukaguzi ililipwa na mashine ya langoni. Mfanyakazi aliyeketi ofisini hakuiona.

Mambo yalibadilika pale kompyuta za nyumbani zilipoanza kuunganishwa moja kwa moja na intaneti. Kati ya mwaka 1999 na 2000 programu kama BlackICE Defender, Norton Personal Firewall na ZoneAlarm zilienea miongoni mwa watumiaji wa kawaida. Mlinzi hakusimama tena langoni kwa mji, alihamia sebuleni. Kutokana na hali hiyo mashine moja ilifanya kazi mbili, ya mwenye nyumba na ya askari. Uzito wake ulikuwa wa aina tatu. Kwanza, programu ilichukua nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta nyingi za wakati huo zilikuwa na megabaiti 64 au 128 tu; nafasi ilipojaa, data zilihamishiwa kwenye diski, ambayo ni ya polepole mara nyingi zaidi. Pili, kila pakiti ilikaguliwa. Tatu, mlinzi aliuliza maswali: je, programu hii iruhusiwe kutoka? Kazi ilisimama mpaka jibu litolewe, na swali liliandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa cha kitaalamu.

4.0 Fungurume na Njia Zake

Miundombinu mikuu ya ukanda wa shaba ilijengwa kwa ajili ya madini. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliungana na reli ya Katanga huko Tenke, jirani na Fungurume, na shaba ikapata njia ya kwenda Lobito kwenye pwani ya Atlantiki. Mwaka 1982 ilikamilika laini ya umeme ya kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700. Laini hiyo ilipita juu ya vijiji vingi bila kuviwashia taa, kwani umeme wake ulikuwa wa aina isiyoweza kugawiwa njiani bila mitambo ya gharama kubwa. Kwa ufupi, njia kuu ziliwapita watu kabla ya kuwafikia.

Historia ya intaneti haikutofautiana sana na hiyo. Mwaka 2009, mgodi wa Tenke Fungurume ulipoanza kuzalisha shaba, kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam. Kongo ilisubiri hadi mwaka 2013, kebo ya WACS ilipoanza kutumika Muanda, kwenye mlango wa mto Kongo, upande wa pili wa nchi. Kabla ya hapo mawasiliano ya nchi na ulimwengu yalitegemea sana setilaiti.

Setilaiti ya aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi la ukurasa hupanda hadi huko na kushuka, kisha jibu hupanda na kushuka tena. Safari hiyo peke yake huchukua karibu nusu sekunde, hata kama njia haina mtu mwingine. Ukurasa wenye picha na vipande vingi huhitaji safari nyingi za namna hiyo. Ukaguzi wa pakiti moja na kingamoto ya kawaida, kwa upande wake, huchukua sehemu ndogo sana ya elfu moja ya sekunde.

5.0 Nani Alichelewesha?

Kutokana na maelezo hayo inabainika kwamba kwa mtumiaji wa mji uliotegemea setilaiti ucheleweshaji ulitoka pande tatu: umbali wa njia, uchache wa kumbukumbu ya kompyuta, na kingamoto yenyewe. Mtumiaji hakuweza kuishusha setilaiti. Mara nyingi hakuweza kununua kumbukumbu mpya pia. Kingamoto ilizimwa kwa kubofya mara moja, na kompyuta yenye megabaiti 64 ikaonekana kupumua. Ni rahisi kuelewa kwa nini hukumu ilimwangukia mlinzi.

Lawama hiyo haikuwa ya uzushi. Machi 2004 mnyoo uitwao Witty uliingia kupitia kasoro iliyokuwamo ndani ya programu za kingamoto za kampuni moja, BlackICE ikiwa miongoni mwake. Askari akageuka kuwa mlango. Julai 2008 rekebisho la usalama la Microsoft liligongana na ZoneAlarm, na watumiaji wengi wakajikuta wamekatiwa intaneti kabisa mpaka programu hiyo ilipotengenezwa upya.

Hata hivyo, kumbukumbu za miaka hiyo zinaonyesha kwamba kukosa mlinzi kulichelewesha zaidi. Tarehe 25 Januari 2003 mnyoo wa Slammer uliambukiza kompyuta zisizopungua 75,000, nyingi zake katika muda wa dakika 10, na kuziba njia za intaneti katika mabara yote. Agosti 2003 Blaster iliingia kupitia mlango namba 135 wa kompyuta zenye Windows, ambazo zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya kasoro hiyo tangu tarehe 16 Julai. Zaidi ya hayo, Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na kingamoto yake ndani, ila ilikuwa imezimwa. Ni Agosti 2004 tu ndipo Service Pack 2 ilipoiwasha bila kumsubiri mtumiaji.

Hapa ndipo njia nyembamba ilipoumiza mara mbili. Kifurushi kamili cha Service Pack 2 kilizidi megabaiti 250. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kwa kasi yake yote bila kukatika, kukipakua kulihitaji takriban saa 10. Mahali ambapo umeme hukatika na muda wa intaneti hulipiwa, saa 10 ni dawa isiyofikika. Kwa hiyo yule aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuzima kingamoto ndiye aliyekuwa na njia chache zaidi za kujitibu, na minyoo iliyoingia ilitumia njia yake hiyohiyo nyembamba kuwatafuta wengine.

6.0 Hitimisho

Ugomvi kati ya usalama na kasi ulipungua mbinu zilipobadilika. Tangu Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, ukaguzi hufanyika ndani ya mfumo endeshi wenyewe kwa utaratibu mmoja. Kompyuta zimeongezewa kumbukumbu, na vifaa vinavyogawa intaneti nyumbani huzuia wageni wengi kabla hawajaifikia mashine.

Ni muhimu pia kutenganisha mlinzi wa mwenye nyumba na lango linaloshikwa na mwingine. Januari 2015, na tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa takriban siku 20 baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini Kongo kwa amri ya serikali. Hakuna programu ya nyumbani ambayo ingezimwa ili kuifungua. Kingamoto humchelewesha mwenyewe kwa ridhaa yake. Ufungaji ule haukuuliza swali lolote.

Linabaki suala la lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba programu nzima inaweza kuzungumza Kiswahili. Programu za ulinzi zinadai kazi hiyo zaidi kuliko zile za kuandikia barua, kwa sababu zinamtaka mtumiaji aamue papo hapo. Anayeulizwa swali asilolielewa hujibu ‘ndiyo’ ili kazi iendelee, au humfukuza mlinzi. Katika ukanda wa shaba, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya migodini na mitaani kwa karibu karne nzima, istilahi za usalama wa kompyuta zilizo wazi zingepunguza ucheleweshaji ambao hakuna kebo inayoweza kuuondoa.