Ufagio wa Mwanza na Wapagazi Wasio na Hati

Kuna kisa kimoja ambacho waandishi wa Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki hawachoki kukirudia. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita hiyo, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake Waafrika waliokuwa bado hai, na ofisi ya muda ya kulipia ikafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 wakajitokeza. Waliokuwa na hati walizopewa na kamanda wao mwaka 1918 walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Ndipo, kisa kinasema, mtu wa benki aliyeleta fedha akabuni mtihani. Kila mzee alikabidhiwa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye kwata ya silaha kana kwamba ameshika bunduki. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Kisa kinaishia hapo, na msomaji anaachwa aamini mambo mawili: kwamba askari wa kweli hujulikana kwa mwili wake hata baada ya miaka 46, na kwamba aliyejipachika uaskari hapenyi mbele ya amri ya kijeshi.

La kwanza nalikubali. La pili nalikataa, na sababu imo ndani ya kisa chenyewe. Mtihani ambao watu 350 wanaufanya na wote 350 wanafaulu haujamchuja mtu yeyote. Ama wazee wote walikuwa wakweli, na basi ufagio haukuhitajika, ama baadhi yao hawakuwa wakweli na ufagio ukawapitisha. Nani mwingine alijua kwata ya Kijerumani? Polisi wa koloni waliifanya kila siku. Watoto waliolelewa pembezoni mwa kambi, ambako askari waliishi na wake zao, watoto wao na watumishi wao, waliiona na kuiigiza tangu utotoni. Kijana aliyembebea askari bunduki na mzigo kwa miaka minne alizisikia amri hizo asubuhi na jioni. Kwa upande mwingine, wako watu ambao vita ile iliwala kuliko askari yeyote, na mbele ya ufagio wangesimama bila kujua washike wapi. Hao ni wapagazi, na hasa watu wa Tabora na wa njia ya zamani ya misafara.

Yaliyotokea Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, kabla ya vita yanajulikana: misafara ya Bagamoyo na Ujiji, wapiganaji wa ruga-ruga wa Mtemi Mirambo, Mtemi Isike kujilipua ndani ya boma lake mwaka 1893, kisha reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo ndiyo inayotuhusu. Usinge ipo juu yake, magharibi ya Tabora, na kila jeshi lililopigania sehemu hizi lilifuata mstari huo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma mwishoni mwa Julai, kikosi cha Kanali Olsen kikafuata reli kuelekea mashariki, na tarehe 19 Septemba jeshi la Jenerali Tombeur likaingia Tabora. Wajerumani chini ya Jenerali Wahle walirudi nyuma kuelekea kusini. Askari wengi waliobaki nyuma walitekwa, wengine walitoroka, wengine walirudi vijijini kwao kimyakimya. Hawa hawakufika mwisho wa safari ya Lettow-Vorbeck, lakini nani atathubutu kusema hawakuwa askari?

Hapo ndipo hesabu ya hati inapogoma. Jeshi la Wajerumani lilianza vita mwaka 1914 likiwa na askari Waafrika karibu 2,500, likapanda hadi zaidi ya 11,000, na siku ya kusalimu amri huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, walikuwa wamebaki chini ya 1,200 pamoja na wapagazi wapatao 1,600. Wakavushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapandishwa treni, wakapita Usinge na Urambo, na Waafrika wakateremshwa Tabora na kuwekwa kambini wakati homa ya mafua ya mwaka ule ikiua watu kila upande. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kwamba alishindwa kupata fedha za kuwalipa watu wake mishahara ya miaka ya mwisho, wakapewa hati za kuonyesha wanachodai. Kurasa hizo husomwa kwa haraka na wanaotaka kufika kwenye sifa za kamanda, lakini kwa mtu wa Tabora ndizo kurasa muhimu kuliko zote za kitabu kile. Zinatuambia kwamba hati iligawiwa kwa wale tu waliokuwapo mwisho. Askari aliyetekwa Tabora mwaka 1916, au aliyeachwa porini akiwa mgonjwa mwaka 1917, hakuwa nayo na hakuweza kuwa nayo. Aliyekuwa nayo naye alipaswa kuihifadhi karatasi kwa miaka 46 ndani ya nyumba ya udongo na nyasi, kati ya mchwa, masika na moto. Kukosa hati si dalili ya uongo. Kadhalika kuwa nayo si dalili tosha ya ukweli, maana karatasi hurithiwa, huuzwa, na huokotwa kwa maiti.

Wapagazi ndio kiini cha jambo hili. Vita ya Afrika Mashariki ilipiganwa mahali ambapo mbung'o aliua punda, farasi na ng'ombe, na magari yalikwama matopeni. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilikwenda kichwani mwa mtu. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo kwa vizazi, na kwa sababu hiyo majeshi yote matatu, la Wajerumani, la Wabelgiji na la Waingereza, yaliwachukua kwa nguvu. Waingereza walikiri kwa hesabu zao rasmi kwamba zaidi ya 40,000 katika watumishi wa jeshi lao walikufa, na wanahistoria waliozichunguza hesabu hizo wamekuwa wakizipandisha tu. Waliuawa zaidi na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Baada ya vita, mishahara ya wapagazi ambao ndugu zao hawakupatikana ilibaki bila kuchukuliwa, na wakuu wa Kenya na wa Tanganyika walipoomba fedha hizo zitumike kwa faida ya wenyeji, London ilikataa. Sasa mchukue mpagazi mmoja wa ukanda wa Usinge aliyerudi akiwa hai. Amebeba masanduku ya risasi kwa miezi, ameona wenzake wakiachwa kando ya njia. Akiulizwa uzeeni alifanya nini, akajibu, “Nilikuwa askari wa Mdachi,” je, huyo ni mwongo? Kwa daftari ni mwongo. Mimi naona alitumia jina pekee ambalo serikali ilikuwa tayari kulisikia na kulilipia.

Najua wastaafu wa jeshi hawatalipokea hili kwa urahisi, na hoja yao ni nzito. Askari mkongwe akikutana na mtu anayejidai mwenzake, hamwulizi alipigana wapi, kwa kuwa majina ya mapigano kila mtu ameyasikia. Humwuliza namba yake ya jeshi, kombania yake, na nani alikuwa kamanda wa kikosi. Namba ya jeshi haisahauliki. Mtu anaweza kusahau mwaka aliooa akaikumbuka namba. Anayebabaika hapo amejiumbua. Na uchungu wa mkongwe huyo hautokani na wivu wa posho peke yake. Aliyejipachika vita hutwaa mahali pa mtu aliyekufa: anasimulia kifo kama alichokiona, anapokea pole iliyokuwa ya mjane wa mwingine, na kwenye foleni ya malipo yenye fungu dogo anapunguza haki ya aliyestahili. Waongo wa namna hiyo wapo, walikuwapo, na sitafuti kuwaosha. Ninachopinga ni kuwachanganya na watu ambao daftari liliwaacha nje kwa makusudi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na mtoto aliingizwa jeshini vita ilipoanza, akiwa na miaka kumi, kujifunza kazi ya ishara. Alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa mwaka 1917 na kuangukia mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara yake na ya marehemu baba yake; maofisa wakamjibu kwamba amechelewa. Baadaye aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Alichokifanya baada ya hapo kimewatatiza waandishi: alijipatia nishani mwenyewe, akavaa na sare ya askari, akaonekana nazo kwenye mikutano ya Wajerumani waliotamani makoloni yao yarudi. Kwa kipimo cha leo cha wanaowasaka wakongwe feki, huyu ni mtu aliyevaa nishani asiyotunukiwa. Lakini vita aliipigana. Walioidhinisha na kukataa nishani ndio hao hao waliomtaka ajitokeze na sare hiyo ili kupamba ndoto yao ya ukoloni, kisha mwaka 1941 wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen mwezi Novemba 1944. Wanaomlaumu kwa ile nishani wanahesabu kosa dogo kuliko yote katika habari yake. Mtu aliyenyimwa haki yake na ofisi, akaichukua dukani, amekosea utaratibu. Hajamwibia mfu yeyote.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya enzi za kale, na kwamba tangu majeshi ya Keya (King's African Rifles) ya Waingereza yaanze kutunza vitabu vya utumishi hakuna tena utata. Kweli, Watanganyika wapatao 87,000 walioingia Vita ya Pili ya Dunia walikuwa na namba na rekodi, na aliyedai kuwa Burma angeweza kukaguliwa. Hata hivyo utata ulihama tu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilipiganwa na JWTZ pamoja na wanamgambo wengi walioitwa kutoka vijijini na kurudishwa vijijini. Kule Kenya, serikali ya Uingereza ilipokubali mwaka 2013 kuwalipa wahanga 5,228 wa enzi ya Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9, swali la nani alikuwa Mau Mau wa kweli liliwagawa wazee, kwa sababu kiapo cha usiku hakikuandikwa na mtu. Mara nyingi hutajwa mfano wa Marekani, ambako sheria iliyotiwa saini mwaka 2006 ilifanya kosa la jinai kudanganya kuhusu nishani, Mahakama ya Juu ikaitengua mwaka 2012 kwenye kesi ya Xavier Alvarez, na Bunge likatunga nyingine mwaka 2013 inayomlenga anayejinufaisha kwa uongo huo. Mfano huo hautufai sana. Marekani daftari la nishani lipo, na mwongo hukamatwa kwa kulifungua. Kwetu sehemu kubwa ya kumbukumbu za kijeshi za Wajerumani iliteketea wakati Potsdam ilipopigwa mabomu Aprili 1945, na za wapagazi hazikuwahi kuandikwa kwa uangalifu hata wakati walipokuwa hai.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti hiyo inahusu waliotumika upande wa Uingereza tu. Wapagazi waliochukuliwa na Wabelgiji kando ya reli kati ya Malagarasi na Tabora hawamo, wala waliobebeshwa mizigo na Wajerumani. Kazi ya kuwatafuta itaanzia kwa koo zenyewe, katika vijiji vya Usinge, Kaliua na Urambo, ambako wajukuu wanalijua jina la babu aliyeondoka na mzigo wa jeshi na upande alikoelekea. Mkusanyaji wa majina hayo atakutana na wengi watakaosema babu yao alikuwa askari. Ayaandike yote kama yalivyosemwa, kisha aulize babu alibeba nini.