Hii Glaida ya Faiba Waliichora Wanafunzi Wasio na Hela

Kuna ndege ukiona picha yake leo utasema imetoka kiwandani juzi. Nyeupe, nyembamba, mabawa marefu kama upondo, kiti kimoja, injini hakuna. Kumbe iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Novemba 1957! Jina lake Phönix, na ndiyo glaida ya kwanza duniani kujengwa kwa faiba. Ndiyo, faiba hiihii ya boti.

Turudi nyuma kidogo. Ujerumani imeshindwa vita, na walioshinda wamewapiga marufuku Wajerumani kurusha ndege, hata zile zisizo na injini. Kwa glaida, kamba ikalegezwa 1951. Mwaka huohuo, pale Stuttgart, jamaa wawili wa chama cha wanafunzi wapenda ndege wakakaa chini wakaanza kuchora. Mmoja wao hesabu zilikuwa kwenye damu.

Sasa shida iko hivi. Glaida haina mafuta wala pangaboi, inaishi kwa kuteleza tu hewani. Ukilipata umbo sahihi la bawa, hewa inapita juu yake imetulia, tabaka kwa tabaka. Lakini kibonde kidogo tu, hata cha unene wa ukucha, hewa inavurugika na bawa linaanza kuburuzwa. Na glaida za enzi hizo zilikuwa za mbao. Mbao inanywa unyevu, inakauka, inasinyaa. Misimu miwili mitatu, vile viunzi vya ndani vinachungulia kwenye ngozi ya bawa kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Yaani unapiga hesabu mwaka mzima, halafu mbao inakuja kukuharibia kila kitu.

Mwanzoni hata hao jamaa walitaka kutumia balsa, ule mti mwepesi kama sponji. Baadaye wakakutana na kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa resini. Hapo ndipo mchezo ulipobadilika. Faiba unailaza ndani ya kalibu, ikikauka uso wake wa nje unatoka vilevile kama kalibu ilivyo. Ukiing'arisha kalibu mpaka ujione sura, bawa nalo linatoka hivyo. Na balsa hawakuitupa: waliiweka katikati, faiba juu, faiba chini, kama sandwichi. Bawa likawa gumu bila kuwa zito.

Ukisoma hivi unaona rahisi, ila ilichukua miaka sita. Hawakuwa na ndege ya faiba ya mtu mwingine ya kuchungulia, na hakuna aliyewahi kuona bawa la namna hiyo likizeeka juani. Kampuni ya Bölkow ndiyo iliyowabeba mpaka ndege ikakamilika. Binafsi namfikiria yule rubani wa siku ya kwanza. Unakaa peke yako kwenye kitu kilichogandishwa kwa gundi, unavutwa juu, halafu kamba inaachiwa. Ujasiri wa aina hiyo mimi sina!

Ikaruka, na ikateleza kuliko watu walivyozoea. Mabawa yalikuwa mita 16 toka ncha hadi ncha, na ukiiacha mita 1,000 juu, hewa ikiwa shwari, inaweza kufika karibu kilomita 40 bila tone la mafuta. Glaida nyingi nzuri za mbao zilikuwa zinacheza kwenye 30 na kitu.

Kibiashara haikuwa kitu, zilitengenezwa nane tu. Ila mdogo wake, Phoebus, aliyeruka 1964, alitoka zaidi ya 200, na viwanda vingine vya Ujerumani vikaingia kwenye faiba mmoja baada ya mwingine. Mbao ikaanza kupotea kwenye mashindano. Ile Phönix ya kwanza kabisa haikutupwa, iko mikononi mwa Deutsches Museum, jumba la makumbusho la Munich.