Mbele ya kununua parseli: mambo ya kuhakikisha

Parseli moja inaweza kuuzishwa mara mbili. Jamaa inauzisha ng'ombe, inakusanya makuta ya miaka mingi, inalipa, inaanza kujenga. Kiisha siku moja mutu mwingine anafika na makaratasi ya fasi ile ile, na mambo yanaenda tribinali. Mara nyingi mununuzi alikuwa na haraka: aliangalia kiwanja, hakuangalia makaratasi.

Udongo ni wa nani?

Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Mununuzi anapata haki ya kuutumia, yaani konsesyo, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Kwa Mukongomani konsesyo inaweza kuwa ya milele. Kwa mugeni ni ya muda, miaka 25 yenye kuongezwa.

Karatasi gani iko na nguvu?

Ni « certificat d'enregistrement ». « Fiche parcellaire » ya komini, ambayo watu wengi wanaitunza ndani ya valizi, haitoshi mbele ya muamuzi. Kontra ya lokasyo ya Serikali nayo ni ya muda tu, kawaida miaka 3. Kama mwenyewe hakujenga, Serikali inaweza kuirudisha kwake.

Kuuliza wapi?

Kwanza kwa konservateri wa vyeo vya udongo. Anatunza kitabu chenye kuonyesha jina la mwenye parseli, na kama iko na deni la benki ao kesi. Pili kwa kadasta: mupimaji afike fasi, apime, aonyeshe mawe ya mipaka. Tatu kwa majirani na chefu wa avenyi. Wao wanajua nani alikaa pale, na kama mwenyewe alikimbia vita na mutu mwingine akaingia.

Nani anauzisha?

Sheria ya familia inaomba bwana na bibi wakubaliane mbele ya kuuzisha. Kama baba alikufa, wariti wote wasikizane na watie sahihi, hata wale wanaoishi mbali. Mutoto mukubwa peke yake hatoshi. Na komisyonere anayekatalia kukutanisha mununuzi na mwenye mali, ni heri kumuacha.

Fasi yenyewe ikoje?

Ku Goma, moto wa Nyiragongo ulifunika nyumba mwaka 2002, tena tarehe 22 mwezi wa 5, 2021. Ku Bukavu, mvua inabomoa milima na nyumba zake. Kwa hiyo ni vizuri kutembelea parseli wakati wa mvua. Kama nyumba ni ya kupangisha, mununuzi aombe kuona fakture za SNEL na REGIDESO na kontra za wapangaji wenye kuwa ndani.

Kiisha kulipa

Makuta yapite kwa benki ao mbele ya mashaidi, na karatasi ya mauzo iandikwe. Lakini kazi haijaisha. Inapaswa kurudia kwa konservateri kwa mitasyo: certificat ya zamani inafutwa, mupya inatoka kwa jina la mununuzi. Asiyefanya hivyo anaacha mulango wazi: kama mwingine anapata certificat ya parseli ile, kiisha miaka 2 sheria haikubali tena kuishambulia. Karatasi ya mauzo iliyolala ndani ya valizi hailinde nyumba.