Zege la Kurusha, Lenye Nyuzi

Fundi wa kwetu Githongo, Mlima Kenya, akitaka plasta ishike kwenye ukuta mgumu, hurusha. Huchota mchanganyiko kwa mwiko, akaupiga ukutani kwa nguvu ya kifundo cha mkono, nao ukanata. Mgodini kazi ni hiyo hiyo, ila mkono umekuwa mashine: zege husukumwa kwa hewa kupitia bomba, likatoka kwa kasi na kugonga mwamba, na kishindo hicho ndicho kinacholishindilia. Ndiyo sababu naliita zege la kurusha. Wapo wanaopenda "zege la kunyunyizia", lakini sisi kahawa ndiyo tunayoinyunyizia dawa, na tone la dawa halishindilii kitu. Tahadhari tu usilifupishe likawa "zege rushwa". La namna hiyo tunalo tayari barabarani.

Mashine ya kwanza ilibuniwa mwaka 1907 na Mmarekani Carl Akeley. Kazi yake hasa ilikuwa kukausha wanyama wa maonyesho katika makumbusho ya Chicago, na jengo lenyewe lilikuwa linamenyeka kuta, ndipo akabuni mashine ya kuzipaka upya. Miaka mitatu baadaye Akeley alikandamizwa na ndovu papa hapa Mlima Kenya, akaponea chupuchupu.

Sasa nyuzi. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya hiyo. Nyumbani tunalitia vyuma. Katika mgodi wa chini ya ardhi, mfano wa Bulyanhulu kule Tanzania, kufunga wavu wa chuma kwa mkono ni kumsimamisha mtu chini ya paa ambalo bado halijashikwa. Afadhali nyuzi fupi za chuma, za milimita 30 hivi, zichanganywe humo humo, kilo 20 hadi 40 kwa kila mita ya ujazo, mtu abaki nyuma na mashine irushe. Ufa utatokea vilevile. Nyuzi huushika huku na huku usipanuke, na mwamba ukisukuma, tabaka lile hujikunja kwanza badala ya kuporomoka ghafla.

Jina ndilo lenye mtego. "Zege la nyuzi 30" msomaji ataliona kama zege lenye joto la digrii 30. "Nyuzinyuzi" zimeshachukuliwa na wataalamu wa lishe, ziko kwenye maharagwe. "Ufumwele" umo kamusini, lakini jaribu kuutamka kwa watu wa mjengo! Mimi hutaja malighafi: zege lenye nyuzi za chuma, zege lenye nyuzi za plastiki.

Na je, zege hili laweza kutengenezwa kwa mchanga wa jangwani? Ule unaopandishwa Githongo kwa lori kutoka mito ya Tharaka ukiusugua kiganjani unakwaruza. Punje zina kona, kubwa kwa ndogo. Wa jangwani umeviringishwa na upepo hadi ukawa laini, wa punje ndogo, karibu zote saizi moja. Unadai maji na simiti zaidi, na zege lake hunywea na kupasuka likikauka. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga wa kawaida, punje ndogo zijaze mianya ya zile kubwa, nazo nyuzi zidhibiti nyufa. Ukifika Chalbi, Marsabit, kuna chumvi pia, na chumvi hula chuma. Huko mchanga uoshwe kwanza, au ziwekwe nyuzi za plastiki.